Mistari Sitini Isiyokuwa na Jina

Nawaambia mapema ili msije mkasema nimewaficha: kwenye habari hii kuna mjinga mmoja, na ndiye anayeiandika. Nimejaribu kuisimulia kwa njia tatu tofauti ili mjinga awe mtu mwingine. Imeshindikana.

Vijana wa ofisini mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijaondoka. Nimestaafu. Najua mnacheka, eti mtu wa miaka thelathini na mbili hastaafu, anaacha kazi. Lakini nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, mgongo unauma kama wa mzee, na kule Bashay shamba la vitunguu saumu linaniita kila asubuhi kwa sauti ya mke wangu. Hiyo ni kustaafu. Vyeo sitavisema, vilikuwa viwili na kimoja kilikuwa cha kutunza ufunguo. Mshahara mnaujua.

Nilikuja Mbulu mjini na cheti cha darasa la saba na simu yenye kioo kilichopasuka. Kuandika programu nilijifunza kwenye simu hiyo, nikilinda shamba nyani wasile mahindi. Mpaka leo nikiona mabano nafikiri ni ufa. Chama cha wafugaji kilikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, na kazi yake mnaijua: kutuma meseji kwa wafugaji wa Mbulu na Hanang, kuwaambia chanjo ni siku gani, josho lipi, walete wanyama gani. Siku hizo programu yote ilikuwa imeandikwa na mtu mmoja, Daktari Bura, afisa mifugo mstaafu. Alistaafu kweli huyo, siyo kama mimi. Alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na tano, kwa hasira, kwa sababu alichoka kuzunguka vijijini akikuta watu hawana habari kwamba anakuja.

Siku ya kwanza nikamkuta amekaa, pua inakaribia kugusa skrini.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Wewe ndiye Safari wa Bashay?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema unajua kompyuta."

"Ninajua simu, Daktari. Kompyuta ni simu iliyonenepa."

Hakucheka. Akageuza laptopu. Herufi zilikuwa kubwa kama za kibao cha duka. "Soma hapo," akasema.

Kwa wale mnaosoma hii na hamjaingia bado kwenye kazi: fanksheni ni fungu la maelekezo lenye jina lake. Ukiliita jina, kompyuta inafanya yote yaliyomo ndani, toka juu mpaka chini. Utaratibu mzuri ni fungu liwe fupi na lifanye kazi moja, kama jembe ni la kulima na panga ni la kukata. Fanksheni ya Daktari Bura ilikuwa moja tu. Iliitwa "tuma". Nilishuka nayo, nikashuka, nikashuka, kidole kikachoka. Ilikuwa na mistari elfu moja mia mbili na kumi na nne.

Nikamuuliza, "Daktari, hii inaisha?"

"Mimi nikienda bomani kwa mtu," akasema, "nabisha hodi, nasalimia, nauliza mvua, nauliza watoto, nauliza kama kuna msiba, ndiyo nauliza ng'ombe. Ni safari moja. Sasa ningeikata wapi?"

Nikacheka mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nacheka kila kitu.

Yeye hakuwa anacheka kwa sababu alikuwa na shida ambayo hakuwa amemwambia mtu. Macho yalikuwa yanamwacha. Alikuwa amekuza herufi mpaka skrini inaonyesha mistari kumi na miwili tu kwa mara moja. Siku moja tukinywa chai akaniambia polepole, kama mtu anayeungama: "Nikifika mstari wa mia tatu, wa mia moja nimeshausahau. Nimeandika kitu ambacho siwezi tena kukisoma, Safari."

"Basi tukikate, Daktari."

"Kikate. Lakini kila kipande kitoshe kwenye dirisha langu."

Ndiyo sheria ya mistari kumi na miwili ilikotoka. Nimewasikia mkiwaambia wageni kwamba ni sheria ya kimataifa. Ni sheria ya macho ya Daktari Bura.

Sikuweza kuisoma kwenye skrini, nikaenda kuichapisha kwenye steshenari pale stendi. Karatasi zikawa zinatoka, zinatoka. Dada wa steshenari akainua moja, akaisoma, akanitazama.

"Kaka, hii ni katiba?"

"Ni ya kutuma meseji."

"Meseji ndefu hivi! Huyo msichana kakukosea nini?"

Nikaziunga na gundi, nikazitandaza sakafuni toka mlangoni mpaka kwenye ukuta wa nyuma, nikapiga magoti na kalamu za rangi. Kila kazi rangi yake. Na hapo, jamani, ndipo kicheko kilipoanza kupungua. Nilikuwa nimetegemea uchafu. Nilichokuta ni wilaya mbili nzima zimelala sakafuni. Hapa anaangalia umri: mzee anaanza na shikamoo, kijana anaanza na habari za leo. Hapa kijiji kikiwa na msiba, meseji inasubiri mpaka mazishi yapite. Hapa siku ya mnada hatumi, maana hakuna atakayekuwa nyumbani. Hapa mvua ikikata barabara ya bondeni, josho linahama lenyewe kwenda upande wa pili wa korongo. Nilitambaa kwenye karatasi zile siku nzima kama mtu anayetembea vijijini kwa magoti. Huyu mzee alikuwa amekanyaga kila mahali, na kila alipokanyaga aliandika mstari.

Nikaanza kukata. Namna ya kukata nawaachia hapa, ni urithi pekee nilionao. Chukua kipande kinachofanya kazi moja. Kitoe, kipe jina, na pale kilipokuwa liache jina tu. Halafu tuma meseji za jana kwa programu ya zamani na kwa hii mpya, bila kuzitoa ofisini, uzilinganishe neno kwa neno. Zikilingana, endelea. Usikate viwili kabla hujajaribu kimoja. Jina la kwanza kabisa nililotoa lilikuwa "fanyaKitu".

"Kitu gani?" Daktari akauliza.

"Kitu cha salamu."

"Basi sema salamu. Unamficha nani?"

Nikaandika "salimia". Siku hiyo nilijiona profesa.

Zikapita wiki tatu. Ikazaliwa "angaliaMsiba", ikazaliwa "rukaMnada", ikazaliwa "chaguaJosho". Halafu nikafika katikati, karatasi ya kumi na tisa hivi, nikakuta mistari sitini ambayo haikuwa na rangi. Hakuna jina, hakuna maelezo, herufi tu: a, b, k. Ilikuwa inachukua mtu, inamtafuta kwenye orodha isiyo na kichwa, inatoa mtu mwingine mwenye namba nyingine ya simu. Anaingia mtu wa Mbulu, anatoka Mbarbaig, mfugaji wa kule chini Hanang. Anaingia Tluway wa Masieda, anatoka Gidahoda wa Mogitu.

Nikasema, mzee wa watu, macho. Amechanganya majina.

Nikajaribu kuitoa. Nikalinganisha kwa meseji za Bashay, kwetu, watu ninaowajua mpaka mbwa wao. Zikalingana zote. Nikaifuta. Sikumuuliza Daktari, kwa sababu nilitaka kumshangaza, na kwa sababu nilimwonea huruma. Mkitaka kujua ujinga unakaa wapi mwilini, mara nyingi unakaa palepale huruma ilipo.

Siku nilipomaliza, "tuma" ilikuwa mistari kumi na mmoja. Mzee akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama somo la kanisani: salimia, angaliaMsiba, rukaMnada, chaguaJosho. Yote kwenye dirisha moja. Akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaisoma tena toka mwanzo. Hakuona kilichopungua. Ikisomeka vizuri sana, mtu haoni pengo.

Wiki iliyofuata ilikuwa chanjo ya ndigana kali kwenye josho moja la kule tambarare, ukishuka kutoka Mogitu. Ndigana kali ni ugonjwa wa kupe, na ndama ndio wanaokufa. Chanjo yake inatunzwa kwenye mtungi wa baridi ya ajabu, ukifunguliwa unatoa moshi mweupe unaotambaa chini. Ndani kuna mirija midogo, mmoja unatosha ndama kama arobaini. Ukishayeyushwa haurudi kwenye baridi, unamalizika siku hiyohiyo au unamwagwa. Tulikuwa na mrija mmoja wa eneo lile. Gari lililoleta mtungi lilikuwa linaondoka saa tisa mchana, na mvua zilikuwa zimekaribia. Mvua ikija kupe wanakuja. Ambaye ndama wake hakuchanjwa siku ile alikuwa anabaki kumtazama tu.

Meseji zilitoka jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi saa mbili mimi na Daktari tuko joshoni. Saa tatu, ndama saba. Saa nne, ndama saba walewale. Walikuwa wa Bibi Udahoda, mama wa Kibarbaig ambaye boma lake linaonekana toka pale. Hakuwa amepata meseji yoyote, aliona gari akaja.

"Watu wako wapi?" Daktari akaniuliza.

"Wanakuja, Daktari."

Simu yangu ikalia. Namba ya Masieda.

"Wewe ndiye Safari wa chama?"

"Ndiye. Shikamoo mzee."

"Acha shikamoo. Mimi ni Tluway. Mjukuu wangu amesoma meseji yako kwa sauti, tukiwa tunakunywa uji, nyumba nzima."

"Ndiyo mzee."

"Inasema nilete ndama wangu kumi na mmoja josho la Mogitu."

"Ndiyo mzee."

"Mke wangu ameniuliza: ndama gani?"

Akakata.

Nilisimama pale na simu sikioni, haina mtu. Na nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Nimezaliwa Bashay. Babu yangu mwenyewe alikuwa na ng'ombe kule chini tambarare, kwa rafiki yake, kwa sababu juu kwetu malisho ni kidogo, na mtu haweki ng'ombe wote zizi moja ugonjwa ukaja ukawamaliza. Rafiki anawatunza, anakunywa maziwa, ndama mmojammoja anakuwa wake. Na hayo hayasemwi. Jirani hajui, wakati mwingine hata nyumbani hawajui. Nililijua jambo hili maisha yangu yote na hakuna siku mtu alinieleza. Mistari sitini ya Daktari ilikuwa ni hao. Wenye ng'ombe wako juu, ndama wako chini, na meseji inatakiwa iende chini. Za Bashay zililingana kwa sababu zilikuwa za josho la kwetu juu. Hakuipa jina kwa sababu lenyewe halina jina.

"Daktari," nikasema. "Kuna mistari katikati niliifuta."

Aliniangalia, au aliangalia mahali ambapo alidhani nipo.

"Sitini?"

"Sitini."

"Nakala ya zamani unayo?"

"Ninayo, kwenye laptopu."

"Basi soma."

Jua lilikuwa kali, skrini nyeusi tii. Bibi Udahoda akavua shuka lake la mabegani akanifunika kichwani, mimi na laptopu, kama kuku anayeatamia. Intaneti hakuna. Nikaanza kusoma ile orodha isiyo na kichwa, nikiwa gizani, natoka jasho.

"Tluway, Gidahoda."

"Hao ni baba zao walianza," sauti ya Daktari ikasema toka nje. "Kulikuwa na ugomvi wa maji, wakapatana, wakapeana ndama jike. Endelea."

"Panga, halafu Gidamuna."

"Gidamuna alilazwa hospitali kule juu mwezi mzima, Panga akamlisha. Endelea."

"Huyu hapa ni Sulle, lakini wametoka wawili."

"Mume alifariki. Ng'ombe waligawanywa kwa shemeji zake wawili, kaka za mke, ili mjane asinyang'anywe. Usiruke hata mmoja."

Sikuruka. Niliyoyaita uchafu, kila mstari ulikuwa na watu wawili ndani, wameshikana mikono, mmoja juu mlimani mmoja chini tambarare, wengine toka kabla sijazaliwa. Mzee alikuwa anawajua wote kwa kichwa.

Nikatoka, nikaanza kupiga namba. Ya kwanza haipatikani. Ya pili haipatikani. Nilipofika ya sita Bibi Udahoda akaniuliza, "Unampigia nani?"

"Hawa wenye maboma, bibi."

"Unawapigia wanaume?"

"Ndiyo, bibi, hao ndio wameandikwa."

"Wanaume wamekwenda mbali na ng'ombe wakubwa. Huko simu haishiki. Ndama haendi mbali. Ndama anashinda nyumbani, na sisi." Akamtazama Daktari. "Huyu kijana wako amesoma?"

"Darasa la saba," Daktari akasema.

"Si haba."

Akatoa simu yake, ndogo, imefungwa mpira ili betri isitoke, akapanda kwenye ukingo wa josho panaposhika mtandao vizuri. Akapiga kwa mwanamke wa kwanza. Mimi Kibarbaig sijui, nilisikia neno moja tu, "chanjo", na baadaye kicheko kirefu ambacho naamini kilinihusu. Alipiga kwa wanawake watatu. Nikamwambia, "Bibi, nimesoma maboma kumi na moja." Akasema, "Watatu wanatosha." Akashuka, akakaa.

Ikawa saa sita. Ikawa saa saba kasoro. Dereva wa gari akaanza kufuta vioo visivyo na vumbi. Daktari alikuwa amekaa juu ya mtungi, mikono magotini. Nilikuwa nahesabu kupe ambao hawajazaliwa.

Halafu nikaona vumbi upande wa mlima Hanang. Dogo, chini, halikimbii. Halafu lingine kushoto. Wanawake walikuwa wanakuja na ndama, mwingine amembeba mdogo begani, miguu minne imeshikwa kifuani, wasichana wanawasukuma wengine kwa vijiti. Walikuja toka pande zote kwa wakati mmoja, kana kwamba tambarare yote ilikuwa imeinamishwa kuelekea pale. Sijawahi kuona kitu kama kile, na sikutuma meseji hata moja. Mimi niliyekuwa na fanksheni ya mistari kumi na mmoja.

Saa nane kasoro Daktari akafungua mtungi. Moshi ukatambaa mpaka kwenye miguu ya ndama, nao wakarudi nyuma. Akauyeyusha mrija, akachanganya dawa mwenyewe. Mimi nikashika masikio ya ndama. Gari liliondoka saa tisa na robo na mrija ulikuwa mtupu.

Kesho yake ofisini nikarudisha mistari sitini, nikaikata vipande vitano vya kutosha dirisha la Daktari. Ikabaki jina. Nikaandika "mwenyeNg'ombe". Daktari akaniambia futa. "Atakayefungua hii kesho atasoma ni ng'ombe wa nani wako wapi. Watu hawakuniamini ili nibandike ukutani."

"Lakini bila jina atakuja mjinga mwingine kama mimi ataifuta."

"Basi tafuta jina linalosema kazi na halisemi mtu."

Nilihangaika siku mbili. Mwishowe nikampigia Bibi Udahoda, nikamuuliza, mtu kama wewe, pale nyumbani, unaitwaje? Akasema, "Mimi ndiye ninayeshinda na ndama." Nikaandika "anayeshindaNaNdama". Ipo mpaka leo, mmeiona. Ndefu kidogo, najua, na mmoja wenu alitaka kuifupisha juzi. Asiiguse. Namba zilizomo siku hizi ni za wanawake, tulizunguka maboma yote kuziandika upya.

Masieda nilikwenda kuomba radhi. Mzee Tluway alinipokea nje ya mlango.

"Mke wangu hajasema kitu mpaka leo," akaniambia. "Ananipikia vizuri. Ananiwekea maji ya kuoga. Mimi naogopa, kijana."

Mvua zikanyesha, zikapita. Nilipokwenda kuandika namba, boma la kwanza nilianza kwa Bibi Udahoda. Akanipeleka kwenye zizi la ndama, wamenenepa, wanasukumana, wengine wana rangi ya majivu, wengine mabaka. Nikainua kidole, moja, mbili, tatu. Akaushusha mkono wangu.

"Usihesabu," akasema. "Anayehesabu anamtafuta aliyekosekana. Hapa hakosekani hata mmoja."